Mkutubi Naye Ni Mwalimu

"Shikamoo mwalimu. Naomba kitabu cha Majimaji."

Aliyesimama mbele ya meza yangu alikuwa mtoto wa darasa la sita, daftari mkononi na kalamu tayari. Nilijua kingefuata nini. Ningempa kitabu, angetafuta ukurasa wenye neno Majimaji, angenakili kutoka juu mpaka chini, kisha angekirudisha kabla ya kengele. Alama angepata. Lakini kuhusu vita vile vya kupinga ukoloni wa Wajerumani angetoka na kile kile alichoingia nacho.

Nilimvutia kiti kwanza. "Unataka kujua nini kuhusu Majimaji?" Akanyamaza, maana hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Tukazungumza kama dakika kumi, na mwishowe akasema kwa sauti ya chini: "Kwa nini watu waliamini risasi zingegeuka maji?" Hapo akawa amepata swali lake, na mimi nikapata mwanafunzi.

Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu wenzetu, humwona mkutubi wa shule kuwa mtunza ufunguo: anafungua, anagonga muhuri, anahesabu vitabu, anafunga. Kazi hizo ni za lazima. Ila mkutubi ana somo pia, ingawa halina kitabu cha kiada wala mtihani wa taifa. Anafundisha kuuliza, kutafuta, kupima na kueleza, na masomo mengine yote ya shule huegemea hapo.

Tuanze na kuuliza. Carol Kuhlthau, mtafiti wa Marekani aliyewahi kuwa mkutubi wa shule, aliwafuatilia wanafunzi walipokuwa wakiandaa kazi zao, na mwaka 1993 akachapisha kitabu kilichoeleza hatua wanazopitia. Aligundua kwamba mwanafunzi akishachagua mada hupata nafuu kidogo, kisha anapoanza kusoma huku na kule mashaka huongezeka. Habari ni nyingi, zinapingana, na bado hajui ashike lipi. Mtoto asiyejua kwamba hali hiyo ni ya kawaida hudhani hana akili. Kwa niliyoyaona maktabani, hapo ndipo wengi hukimbilia kunakili, na hapo ndipo anahitajika mtu mzima wa kumwambia: "Tulia, sasa ndiyo unaanza kujifunza. Hebu tupunguze swali lako."

Baada ya swali huja kutafuta. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu maktabani, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unagawa maarifa katika mafungu 10 makuu. Historia na jiografia zimo katika fungu la 900, na vitabu vya historia ya Tanzania hupewa namba 967.8. Mtoto akielewa namba hiyo, anaweza kuingia maktaba yoyote inayotumia mfumo huo na kwenda kwenye rafu bila kumsumbua mtu. Kisha anafunzwa kutumia yaliyomo mwanzoni mwa kitabu na faharasa mwishoni, ili asipekue kurasa 200 akitafuta aya moja.

Kamusi nayo inataka mafunzo, hasa ya lugha yetu. Mwanafunzi wangu alikutana na sentensi isemayo wananchi walilimishwa pamba. Akaifungua kamusi kwenye herufi W, akatafuta, akakata tamaa: "Mwalimu, hili neno halimo." Nikachukua karatasi nikaliandika neno hilo, nikamwambia alivue nguo moja moja. Akaondoa wa-, akaondoa -li-, ikabaki limishwa. Tukatoa viambishi vya mwisho, ikabaki lima. Akaenda kwenye L, akalikuta lima pamoja na minyumbuliko yake. Akarudi kwenye sentensi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe hawakulima kwa kupenda." Kiambishi kimoja kilikuwa kimembebea sababu mojawapo kuu ya vita.

Kupima ndiko kugumu zaidi. Siku ya pili alinijia na vitabu viwili na malalamiko. Kimoja kilisema waliokufa kutokana na vita vile vya 1905 hadi 1907 walikuwa 75,000, kingine kilitaja hadi 300,000. Akataka nimwambie kipi kinasema kweli. Nikamwuliza: nani alihesabu, na alihesabu akina nani? Tukafuatilia pamoja. Idadi ya chini ilitoka upande wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, kwani njaa iliyofuata vita iliua watu wengi mno. Mtoto aliyefika hapo ameanza kuelewa kwamba nyuma ya kila namba yupo mtu aliyeiandika.

Kwenye intaneti stadi hiyo inahitajika zaidi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho katika kupima tovuti. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya ukurasa, wakavutwa na nembo na sura ya kitaalamu. Wahakiki waliutoka ukurasa upesi, wakafungua mingine kuona wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti. Mbinu hiyo darasa zima linaweza kuijaribu kwa simu moja tu ya mwalimu.

Mwisho ni kueleza. Nawafundisha watoto wasome aya, wafunike kitabu, wamsimulie jirani, ndipo waandike. Aliyesimulia hawezi kunakili. Chini wataje kitabu walikotoa habari, kama mtu anavyomtaja aliyemtuma.

Hayo yote hayawezekani mkutubi akiwa peke yake. Mwalimu wa historia akimpa taarifa wiki moja kabla ya kutoa kazi, vitabu vitakuwa vimeshaandaliwa. Mkuu wa shule akiweka kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki kwenye ratiba, na akakilinda kama anavyolinda hisabati, watoto watazoea. Wanaosahihisha wakitenga alama kwa ajili ya swali zuri na vyanzo vilivyotajwa, kunakili kutapungua. Palipo na sanduku la vitabu tu chini ya dirisha la darasa, apatikane mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi ili alifanyie kazi. Vitabu bila mtu wa kufundisha kuvitumia hubaki mapambo.

Siku ya tatu mwanafunzi wangu alileta ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wake, maneno yake, vitabu viwili vimetajwa chini. Hakuondoka. Alikuwa amesoma kuhusu viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906.

"Mwalimu, majina yao yote yameandikwa wapi?"

Safari hii sikuwa na haja ya kumwuliza anataka kujua nini.