Alama ya Suke la Ngano: Mbao za Paleti na Usalama wa Mzigo wa Chama

Kahawa inaweza kuwa ya daraja la kwanza, korosho zikawa kavu barabara, na chai ikawa imepita kwa waonjaji bila dosari, na bado mzigo ukazuiliwa katika bandari ya ng'ambo kwa sababu ya kitu ambacho mnunuzi hakukiagiza wala mwanachama hakukipanda. Kitu hicho ni mbao zilizo chini ya mzigo.

Paleti ni jukwaa la mbao linalowekwa chini ya magunia, mifuko au maboksi, ili foklifti iingize vyuma vyake na kuubeba mzigo wote kwa mara moja. Chai ipitiayo Mombasa husafirishwa kwa wingi namna hiyo. Kahawa ya magunia mara nyingi hupakiwa gunia juu ya gunia bila paleti, na kwa hiyo wako makatibu wanaodhani kuwa jambo hili haliwahusu. Lakini kanuni haisemi paleti peke yake. Hutaja kila mbao inayotumika kufunga, kubeba au kukazia mzigo: sanduku, kabari, hata kipande cha ubao kilichotupwa kati ya magunia na mlango wa kontena ili mzigo usiyumbe.

Mbao mbichi ni nyumba ya wadudu, na mdudu aliyemo ndani husafiri bila nauli. Mwaka 1996, katika eneo la Brooklyn mjini New York, iligunduliwa kuwa miti ya barabarani inatobolewa na mbawakavu mkubwa mweusi mwenye madoa meupe na papasi ndefu, ambaye kwao ni China na Korea. Mwaka 1998 alionekana Chicago. Mabuu yake hukaa ndani kabisa ya shina, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haifiki, na kwa hiyo maelfu ya miti ilikatwa na kusagwa. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Ureno: misonobari yake ilikutwa na mnyoo wa urefu wa yapata milimita 1, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini na ambaye alikuwa amekwisha kuiangamiza misonobari ya Japani kwa miongo mingi. Katika mikasa hiyo yote kidole kilielekezwa kwenye mbao za kufungia mizigo.

Kutokana na hayo, mwaka 2002 nchi zilizomo katika Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea wa mwaka 1951, ujulikanao kwa herufi IPPC, zilipitisha kanuni iitwayo ISPM 15. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuidai kwa mizigo itokayo nje mwezi Machi 2005, na Marekani ikaitekeleza kikamilifu tangu Julai 2006. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ni hila ya nchi tajiri ya kuyafungia mlango mazao ya wakulima. Shaka hiyo si ya bure, kwani hila za namna hiyo zimekwisha kuonekana katika biashara. Hata hivyo, kontena la mitambo litokalo Ulaya kwenda Marekani hudaiwa alama ileile inayodaiwa kontena la kahawa. Tena kanuni hulinda pande zote mbili. Misonobari ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ni mali ambayo mbao chafu kutoka ng'ambo zingeweza kuidhuru.

Sasa kanuni yenyewe yataka nini? Yataka mbao yote, pamoja na kiini chake, ifikie joto la nyuzi 56 za Sentigredi, na isishuke chini ya hapo kwa muda wa dakika 30 mfululizo. Neno la kutiliwa mkazo ni kiini. Hewa ndani ya tanuri hupata joto upesi, lakini mbao huchelewa, kama kiazi kilichofukiwa katika majivu ya moto: ganda laweza kuungua na katikati bado pabichi. Kwa hiyo mwenye tanuri hatosheki na kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Hutoboa tundu hadi katikati ya vipande vilivyo vinene zaidi, akaingiza vipimajoto vya waya, akaziba tundu ili hewa ya moto isipenye na kudanganya kipimo, na akavipanga mahali ambapo tanuri huchelewa kupata moto. Dakika huanza kuhesabiwa pale tu kipimo cha chini kuliko vyote kinapofika 56. Kikishuka kabla ya dakika 30 kutimia, hesabu huanza upya. Muda wote wa kazi hauwezi kutajwa kwa namba moja, maana mbao nene na yenye maji mengi huchukua saa nyingi zaidi kuliko nyembamba na kavu.

Hapo ndipo lilipo kosa la mara kwa mara. Kukausha si kutibu. Mbao iliyoanikwa juani miezi mitatu yaweza kuwa nyepesi na safi machoni, na bado buu akawa hai ndani yake. Hata mbao iliyokaushwa katika tanuri haihesabiwi kuwa imetibiwa, ila kama kumbukumbu za vipimo zaonyesha kuwa kiini kilifikia joto hilo kwa muda huo.

Ziko njia nyingine zinazokubaliwa, kama vile kuchemsha mbao kwa mawimbi ya umeme hadi nyuzi 60 kwa dakika 1, na kufukiza kwa methili bromidi au salfurili floridi. Methili bromidi huharibu tabaka la ozoni na imewekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Chama kinachouza mazao ya kilimo hai kingefanya vema kuziepuka paleti zilizofukizwa kwa gesi hiyo.

Mbao iliyotibiwa hutambulikana kwa alama yake. Ndani ya fremu ya pembe nne huwamo, upande mmoja, suke la ngano pamoja na herufi IPPC. Upande wa pili huwamo herufi mbili za nchi, TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya, zikifuatwa na namba ya mtengenezaji aliyeidhinishwa, kisha herufi za njia iliyotumika: HT ni joto, DH ni mawimbi, MB na SF ni gesi zilizotajwa. Alama haiandikwi kwa mkono, haibandikwi kwa karatasi, wala haipigwi kwa rangi nyekundu au ya machungwa, ambazo hutumika kwa mizigo ya hatari. Yafaa ionekane katika pande mbili zinazoelekeana. Mwenye haki ya kuipiga ni yule tu aliyeidhinishwa na mamlaka ya nchi, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kwa Tanzania, na KEPHIS kwa Kenya.

Pamoja na alama, mbao iwe imeondolewa magome. Vipande vidogo vilivyosalia husamehewa vikiwa na upana usiofika sentimita 3, hata vikiwa virefu. Vikizidi upana huo, kila kimoja kiwe na eneo lisilofika sentimita 50 za mraba. Plaiwudi, na mbao zisizozidi unene wa milimita 6, hazidaiwi alama kabisa.

Alama haina tarehe ya kwisha. Paleti nzima, isiyofanyiwa matengenezo, hutumika tena na tena. Mashaka huanza siku inapovunjika. Ichukuliwe kuwa mtunza ghala ana paleti kumi zenye alama, mbili zimekatika, naye amemwita fundi seremala wa jirani aliyezipigilia mbao mpya kutoka kiwandani. Mbele ya mkaguzi hizo mbili si paleti zilizotibiwa tena, ingawa alama ya zamani bado yang'aa ubavuni. Kipande kinachoongezwa lazima nacho kiwe kimetibiwa na kuwa na alama yake, na matengenezo ya kiasi kinachozidi theluthi moja huilazimu paleti ifutwe alama zote, itibiwe upya na kupigwa alama mpya. Seremala huyo hakufanya udanganyifu, hakuna aliyemwambia.

Nchi inayopokea ikikuta mbao zisizo na alama, au zenye alama na mdudu hai, yaweza kuamuru zitibiwe, ziteketezwe au zirudishwe zilikotoka. Marekani haikubali zitibiwe bandarini. Huagiza ziondolewe nchini, na mzigo wenyewe huponea tu kama waweza kutenganishwa nazo. Tangu tarehe 1 Novemba 2017 nchi hiyo hutoza faini hata kwa kosa la kwanza. Zaidi ya hapo kuna ushuru wa kuchelewesha kontena, ujira wa kupakua na kupakia upya, na mnunuzi aliyekosa shehena yake kwa wakati. Gharama hizo zikimwangukia msafirishaji, hukatwa katika malipo ya pili, yaani fedha ambazo mwanachama alikuwa akizingojea kwa ada ya shule.

Wengine hujitetea kuwa mzigo ulikuwa na cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho huhusu kahawa au korosho. Hakisemi neno juu ya paleti, na ubao usio na alama haukombolewi nacho.

Kazi ya katibu, basi, huanza kabla kontena halijafika uani. Amwombe muuza paleti hati ya idhini yake na alinganishe namba iliyomo na ile iliyopigwa kwenye mbao. Siku ya kupakia, mtunza ghala apite paleti moja moja, atenge yenye gome, yenye tundu lenye unga mpya wa mbao, au yenye kipande cha rangi tofauti na vingine, na aandike namba za alama katika daftari la upakiaji. Aangalie pia kabari na mbao za mlangoni, maana hizo huletwa na wapakizi dakika ya mwisho. Picha za alama ziambatanishwe na hati za mzigo, na nakala moja ibaki katika jalada la chama kwa muda wote ambao mnunuzi ana haki ya kudai.