Kamba ya Katani, kutoka Tanga hadi Bulla Pesa

Mitaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, kamba haikosi kazi. Imefunga madumu ya maji kwenye mkokoteni wa punda, imemshika mbuzi anayepelekwa mnadani, imekaza turubai la lori linaloelekea Marsabit. Siku hizi nyingi ni za plastiki, za buluu au kijani. Ya katani, ile ya rangi ya nyasi kavu inayokwaruza viganja, imetoka mbali zaidi.

Kabla ya katani kufika, wafugaji wa kaskazini walijisokotea kamba za ngozi na za nyuzi za mkonge pori. Hizo ndizo zilizofunga fito na mikeka ya nyumba mgongoni mwa ngamia watu walipohama.

Mkonge wa mashambani, unaotoa katani, ulikuja kwa meli. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya DOAG, aliagiza vikonyo (miche midogo) 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62 tu! Kampuni ikavipanda Kikogwe, karibu na Pangani, na miaka kama kumi baadaye mkonge ulikuwa umeshaingia Kenya, huko Punda Milia, jirani na Thika.

Mashamba yalihitaji watu wengi. Walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Majani waliyokata yalipelekwa korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua hadi zibaki singa nyeupe. Kilo 100 za majani hutoa singa kilo 4 hivi. Huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hufungwa marobota kwenda kiwandani.

Kiwandani siri ni msokoto. Singa husokotwa upande mmoja kuwa uzi. Nyuzi kadhaa husokotwa upande wa pili kuwa ncha. Ncha tatu hurudishwa upande wa kwanza kuwa kamba. Kila msokoto unataka kufumuka, na mwenzake unauzuia. Ndiyo maana singa za urefu wa mita moja hivi huzaa kamba ya mita mia.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani, na sehemu kubwa ikawa kamba za kufungia nyasi za mifugo Ulaya na Marekani. Kisha ikaja polipropilini, plastiki nyepesi na isiyooza. Bei ya katani ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikipata chini ya tani 30,000. Kenya nayo ilibaki na mashamba kama ya Vipingo, Mwatate na Kibwezi.

Katani huoza ikilala kwenye unyevu, lakini fundo lake halitelezi. Plastiki hustahimili mvua, ila fundo lake hulegea mnyama akivuta. Hata miisho ya kamba hizi haitunzwi sawa: wa plastiki huchomwa kwa kiberiti usifumuke, wa katani hupigwa fundo.