Makao ya Wazee Yasijengwe Juu ya Deni

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Miongoni mwa mengi tunayoyaona siku hizi ni mjadala ambao wazazi wetu wasingaliuota: je, yafaa tuwekeze fedha katika majengo ya kuwatunza wazee? Nimewasikia walimu wenzangu wakiuliza swali hili, na sioni sababu ya kulibeza. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi humu nchini. Watoto wao wametawanyika mijini na ng'ambo. Haja ipo, na penye haja hapakosi mwekezaji.

Swali lenyewe latugusa sisi walimu kwa karibu. Hazina mpya ya malipo ya uzeeni ya watumishi wa umma, walimu wakiwemo, ilianza Januari 2021. Kwa mujibu wa mpango huo, mfanyakazi huchanga asilimia 7.5 ya mshahara wake, nayo serikali asilimia 15. Isitoshe, kanuni za uwekezaji huziruhusu hazina za aina hiyo kutia hadi asilimia 30 ya mali yake katika ardhi na majengo. Kwa hivyo huenda siku moja jasho letu likajenga makao hayo, nasi wenyewe tukalala humo.

Kabla ya kuitikia, natutazame yaliyowafika Waingereza, ambao wameifanya biashara hii kwa miaka mingi. Kampuni ya Southern Cross ilikuwa ndiyo kubwa kupita zote nchini humo katika kuendesha makao ya wazee. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa na makao yapatayo 750, na wazee 31,000 waliitegemea. Mwaka huo huo ikaporomoka.

Je, iliangushwa na uhaba wa wazee? Hata kidogo. Iliangushwa na namna fedha zake zilivyopangwa. Kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliinunua mwaka 2004, ikaipeleka katika soko la hisa la London mwaka 2006, na kufikia 2007 ilikuwa imekwisha kuuza hisa zake na kujiondoa. Katika miaka hiyo ya upanuzi, majengo yaliuzwa kwa matajiri wengine, kisha kampuni ikayakodi majengo yale yale. Fedha za mauzo zilitumiwa kupanua biashara, na kwa muda kila mtu akaonekana kafaulu. Lakini mikataba ya kodi ilikuwa ya miaka mingi, na kila mwaka kodi ilipanda, mapato yapande yasipande.

Wanafunzi wa hesabu na wapige mfano huu. Makao yanalipa kodi ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, nayo hupanda kwa asilimia 2.5 kila mwaka. Baada ya miaka 10 kodi itakuwa shilingi 1,280,000. Baada ya miaka 30 itakuwa imezidi shilingi milioni mbili. Asilimia 2.5 huonekana ndogo siku ya kutia sahihi. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha deni.

Huko Uingereza, wazee wengi walilipiwa na serikali za mitaa. Uchumi ulipodorora baada ya mwaka 2008, serikali hizo zikabana matumizi na vitanda vikaanza kubaki vitupu. Mapato yakashuka huku kodi ikipanda. Makao hatimaye yakakabidhiwa wenye majengo na waendeshaji wengine, lakini si kabla ya maelfu ya ajuza na shaibu kukaa miezi mizima bila kujua nani atawatunza. Wala somo halikukolea. Kampuni ya Four Seasons, iliyonunuliwa mwaka 2012 kwa pauni milioni 825, ilizongwa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2019.

Sisemi kwamba tusiwekeze. Nasema kwamba jengo la wazee si sawa na jengo la maduka. Mwenye duka akishindwa na kodi, hufunga mlango akaenda zake. Bikizee wa miaka 85 aende wapi? Kodi inapobana, cha kwanza kupunguzwa hakiwi ukuta; huwa ni muuguzi wa zamu ya usiku na mlo wa jioni.

Kwa hiyo, atakayetujia na michoro ya kupendeza tumwulize maswali matatu. Ardhi na kuta zitakuwa mali ya nani? Kodi au riba itapanda kwa kufuata mapato, au itapanda tu? Na vitanda vikibaki vitupu mwaka mzima, kuna akiba gani ya kuwalipa wauguzi? Asiye na majibu ya maandishi tumwage kwa heshima.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Wadhamini wa hazina zetu wanapokaa kupima faida, haki hiyo na iwe mbele yao mezani, kwani faida inayotokana na kumpunja mzee chakula ni hasara tuliyoiahirisha hadi zamu yetu ifike.