Filamu mbili za zamani zilimfungua mdomo shangazi

Tangu afiwe na mumewe, shangazi yangu hapa Mpendae amekuwa mtu wa kunyamaza. Majirani wanasema ana shetani. Mimi, mwandishi wa habari za afya, kila siku wimbo wangu ulikuwa mmoja: twende hospitali. Hakuitika.

Jumapili moja ya mvua tukakaa ukumbini kutazama filamu. Tulianza na ‘Arusi ya Mariamu’ ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, isiyofika hata dakika 40. Mariamu anaumwa na hospitali haijamsaidia, lakini waganga anawaogopa tangu baba yake alipofariki. Nakiri ilinikera, kwani ushindi wanapewa waganga. Hata hivyo ina ukweli mmoja: hofu ya utotoni nayo ni sehemu ya maradhi.

Kisha ‘Maangamizi’, ya Martin Mhando na Mulvihill huyo huyo, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo za Oscar mwaka 2001. Haikupeleka nyengine mpaka ‘Vuta N'kuvute’ mwaka 2022. Humo Dk. Asira, daktari kutoka Marekani, anakutana na Samehe, mgonjwa wa akili asiyesema. Filamu inakwenda taratibu mno, na mambo ya mizimu yalinichosha. Ila mwanamke yule aliyenyamaza sikuweza kumuondolea macho.

Shangazi hakuchoka. Ilipoisha akasema: “Daktari yule kakaa na mgonjwa wake. Wewe mwanangu kutwa wanambia nende hospitali, hata siku moja hujaniuliza nna nini.”

Niliona haya. Nikamuuliza. Alizungumza mpaka adhana ya Magharibi: usingizi hauji, chakula hakipiti, na anajilaumu kwamba alichelewa kumpeleka mumewe kwa daktari. Kumbe ndiyo maana hospitali hakutaka hata kuisikia.

Wiki iliyofuata alichagua siku mwenyewe, tukaenda sote.

Msomaji, ukiwa na mtu nyumbani ambaye huzuni imemnyima usingizi na chakula kwa zaidi ya wiki mbili, anahitaji mtaalamu. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hapa Unguja pia ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Akisema anataka kufa, usingoje kesho. Lakini kabla ya kumhimiza, kaa naye, muulize, kisha unyamaze umsikilize. Mimi ilinichukua miezi na filamu mbili kulijua hilo.