Waziri wa Ng'ambo ya Mto

Kabla ya daraja kujengwa, msafiri aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge hakuwa na budi kuteremka kivukoni na kungoja pantoni pamoja na malori ya mpunga, mabasi, na akina mama wenye makapu ya perege na kambale, huku akiutazama mto Kilombero, ambao wakati wa masika hufura hata mtu asitambue mto unakomea wapi na bonde linaanzia wapi. Ng'ambo ya maji hayo ndiko lilikokuwa jimbo la Ulanga Mashariki, lililowakilishwa tangu mwaka 2005 na marehemu Celina Ompeshi Kombani wa Chama cha Mapinduzi.

Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu na baraza likaundwa upya, Rais Jakaya Kikwete alimkabidhi Mama Kombani dhamana ya TAMISEMI, wizara isimamiayo halmashauri zote za Tanzania Bara. Na Novemba 2010 akampa Katiba na Sheria. Kwetu, ambako chama tawala kimeandika ujamaa katika katiba yake, hakuna waziri ajiitaye mhafidhina. Walakini mhafidhina ni yule aaminiye kwamba nyumba iliyosimama isibomolewe maadamu haijavuja, na kwa maana hiyo mimi namhesabu Mama Kombani miongoni mwao, wala simkusudii tusi.

Maana hakukaa sana kitini kabla ya kueleza hadharani ya kuwa serikali haikuona haja ya katiba mpya kwa wakati ule. Wapinzani, wanasheria na wanafunzi wa vyuo walipiga kelele. Usiku wa kuamkia mwaka 2011, katika hotuba yake kwa taifa, Rais akatangaza kwamba katiba itapitiwa upya. Na waziri yule yule, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameilinda ya zamani, ndiye aliyetwishwa kazi ya kuupeleka mswada Bungeni. Mswada ulipotoka uliandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo hata leo linaniuma, kwani vipi mwananchi wa Lupiro aulizwe rai yake juu ya sheria mama kwa lugha asiyoifahamu? Mikutano ya kukusanya maoni ikavurugika, mswada ukarudishwa, ukaandikwa kwa Kiswahili, na Novemba 2011 ukapitishwa ilhali wabunge wa CHADEMA wametoka nje. Kutokana na sheria ile ndipo ilipozaliwa tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba. Wengine walimwona waziri kuwa kigeugeu. Mimi naona ni taratibu za baraza la mawaziri, ambamo mtu hushindwa hoja chumbani kisha hutoka akaitetea mbele ya umma hoja iliyomshinda kana kwamba ni yake tangu asili, na hiyo ni taabu isiyoshukuriwa.

Katika siku hizo wilaya ya Ulanga ilikuwa na mawaziri wawili kwa pamoja, kwani Dakta Haji Mponda, mbunge wa Ulanga Magharibi, alishika Afya. Na bado mgonjwa wa Mahenge aliyepelekwa Ifakara alingojea pantoni. Mei 2012, baada ya mgomo wa madaktari, Dakta Mponda aliachwa nje, na Mama Kombani akahamishiwa Utumishi wa Umma, ambako alidumu mpaka mwisho.

Alifariki Septemba 2015 nchini India alikokwenda kutibiwa, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, naye akiwa mgombea. Kura ya ubunge jimboni mwake ikalazimika kuahirishwa. Nguzo za daraja zilikuwa zimeanza kusimama mtoni. Januari 2016 kivuko kilizama, na Mei 2018 Rais John Magufuli akalifungua daraja la mita 384, ambalo sasa basi la Mahenge hulivuka kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa alilolinunua Ifakara.