MCHEZAJI WA BURE ANA BEI GANI?

Likizo iliyopita tulizozana vibaya katika hoteli moja hapa sokoni Ogwedhi, nusura chai imwagike. Gazeti lilikuwa limechapa orodha ya wachezaji wapya wa Gor Mahia, na kando ya majina kadhaa pameandikwa neno "huru". Jamaa mmoja, shabiki sugu wa K'Ogalo, akapiga meza kwa kiganja. "Mnaona? Hawa wamekuja bure! Hata wakicheza vibaya, hatujapoteza kitu." Nami kwa kuwa naipenda Gor kuliko chakula cha jioni, nilimuunga mkono kwa sauti kubwa.

Kando yetu alikuwa ameketi ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni mlinzi wa kati na amecheza kandanda ya ligi misimu mitatu. Hakusema neno. Alimaliza chai yake, tukaondoka, na tulipofika njia ya miwa ndipo akaniuliza, "Omera, mimi pia ni huru. Unadhani mimi ni wa bure?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mchezaji huru ni yule asiye na mkataba na klabu yoyote, kwa hivyo klabu inayomtaka hailipi ada ya uhamisho. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Huko Ulaya hata mkataba ukiisha, klabu ya zamani iliweza kudai pesa kabla ya kumwachilia mtu wake. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman wa RFC Liège, alizuiwa hivyo mwaka 1990 alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Akaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi. Siku hizi sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakisha miezi sita katika mkataba wake kutia sahihi kwingine.

Lakini huku kwetu si wengi wanaokuwa huru kwa njia hiyo ya raha. Kuna mlango mwingine: klabu isipolipa mshahara wa miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia barua na kuipa siku 15, isipolipa, anavunja mkataba na kwenda zake kihalali. Tena kuna timu kufa. Jirani zetu SoNy Sugar wa Awendo walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 2006, wakatuletea heshima watu wa Migori wote, lakini mwaka 2019 walitolewa katika ligi kuu baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu. Basi unaposoma "huru" gazetini, uliza kwanza: aliupataje uhuru huo? Mkataba uliisha salama, hakulipwa, timu ilivunjika, ama goti lilimsaliti?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo yule jamaa wa hotelini alipopotea. Mchezaji huru anajua kwamba klabu imeokoa ada ya uhamisho, naye anataka sehemu ya pesa hizo ziingie mfukoni mwake. Anaomba pesa za kutia sahihi, na mshahara mnono zaidi. Hapo bado wakala hajanyoosha mkono. Ndugu yangu alinifundisha kugawanya pesa zote kwa dakika. Ligi ya timu 18 ina mechi 34 kwa kila timu, yaani dakika 3,060. Tuseme (huu ni mfano wangu tu) mchezaji huru amepewa shilingi 600,000 za kutia sahihi na 80,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Hizo ni 1,400,000. Akicheza dakika 1,400, kila dakika imeigharimu klabu shilingi 1,000. Mwenzake amenunuliwa kwa 500,000, mshahara 50,000. Jumla ni 1,000,000. Huyu akicheza dakika 2,500, kila dakika ni shilingi 400. Sasa nani alikuwa wa bure?

Naam, dakika si kila kitu. Mshambuliaji anaweza kuingia dakika ishirini tu akaokoa msimu. Hata hivyo hesabu hii inamshinda yule anayehesabu mabao ya mwaka juzi.

Mfano mzuri nadhani ni Meddie Kagere. Alikuja Gor mwaka 2015 kutoka KF Tirana ya Albania, mwaka ule ambao Gor ilitwaa ligi bila kupoteza hata mechi moja. Akaondoka, akarudi. Tarehe 10 Juni 2018 pale Afraha, Nakuru, yeye na Jacques Tuyisenge waliifunga Simba ya Dar es Salaam 2-0 katika fainali ya kombe la SportPesa. Wiki chache baadaye mkataba wake ulikuwa umekwisha na Simba hao hao wakamchukua pasipo kulipa ada. Wengi walisema ni mzee, amevuka miaka 30. Mzee huyo akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 23 msimu wa 2018/19, na tena kwa mabao 22 msimu uliofuata! Mwaka 2019 Francis Kahata naye akafuata njia iyo hiyo, mkataba ukiwa umemalizika.

Hapo Simba walifanya nini ambacho sisi hatukufanya? Walikuwa wamemwona mtu kwa macho yao, akiwafunga wao wenyewe. Walijua pengo lao liko wapi, na walikuwa na mshahara wa kumlipa mpaka mwisho. Upande wa Gor, jambo la kuhesabu si nani ameingia bure tu, bali pia nani ametoka bure. Klabu ikiacha mkataba wa mfungaji wake uishe, imetoa ng'ombe wa maziwa bila kupokea hata ndama. Kisha kuna balaa la madeni: Gor imewahi kufungiwa na FIFA isisajili kwa sababu ya pesa ilizodaiwa na watu wake wa zamani. Yaani mtu aliyekuja "bure" akiondoka bila kulipwa, deni lake linawafungia mlango watakaokuja.

Hata wakubwa wa Uingereza hucheza kamari hii. Tarehe 13 Julai 2017 nilikuwa mtoto mdogo, nimekaa miguuni mwa ndugu yangu huyu katika kibanda cha video, Gor wakicheza na Everton jijini Dar es Salaam. Wayne Rooney alikuwa amerudi Everton siku chache tu, bila ada, kutoka Manchester United. Akapiga kombora la mbali, likatinga wavuni. Kibanda kizima kilinyamaza. Tuyisenge alisawazisha, tukarukaruka hadi benchi moja likavunjika, ingawa mwishowe tulilala 2-1. Rooney huyo alifunga mabao kumi ya ligi msimu ule, kisha akaenda Marekani. Je, alikuwa usajili mzuri? Kwa msimu mmoja mimi nasema ndiyo. Kwa miaka miwili aliyotia sahihi, hapana.

Jambo moja husahaulika. Mchezaji akiuzwa kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Akiondoka huru, asilimia 5 ya sufuri ni sufuri. Timu ya mtaani iliyomnunulia viatu vya kwanza haipati kitu.

Nikarudi kwa ndugu yangu. Wiki ile ile alikuwa ameletewa mkataba na klabu moja (sitaitaja), akanipa niusome kwa kuwa mimi ndiye mwanachama wa Chama cha Kiswahili na eti najua maneno. Mshahara ulikuwepo, pesa za kutia sahihi zilikuwepo. Nilitafuta mahali panaposema nani atalipa hospitali akiumia goti lile la kushoto, nikafunua kurasa zote mara mbili. Hapakuwa na lolote. Akaurudisha, akiwaomba waongeze kifungu hicho kimoja. Kila alfajiri namsikia akipita dirishani mwangu mbio kuelekea barabara kuu, na mpaka tunapopeleka jarida hili kwa mpiga chapa, hawajamjibu.