Do ya juu iliyochosha koo la Duprez

Tarehe 17 Aprili 1837, mwimbaji Gilbert Duprez alipanda jukwaa la Opera ya Paris katika Guillaume Tell ya Rossini, akaimba do ya juu kwa nguvu ya kifua. Waliomtangulia waliigusa kwa sauti nyepesi ya kichwa. Watu walishangilia sana.

Siri ilikuwa shingoni. Mwaka 1840, madaktari wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, walieleza kwamba anayeimba hivyo haachi zoloto lipande pamoja na noti, bali analibakiza chini. Zoloto ndicho kile kifundo cha mbele ya shingo: ukimeza kinapanda, ukipiga mwayo kinashuka. Likishuka, njia ya sauti hadi midomoni inarefuka, na sauti inakuwa nzito.

Lakini kuna kushuka na kushusha. Likishuka lenyewe wakati wa kuvuta pumzi, shingo inabaki laini. Likikandamizwa kwa shina la ulimi na taya iliyokazwa, mwimbaji analazimika kusukuma hewa kwa nguvu, na nyuzi za sauti zinaumia.

Adolphe Nourrit, aliyeimba nafasi hiyo wa kwanza mwaka 1829, alikwenda Italia kutafuta sauti ya namna hiyo. Akapoteza ulaini wake wa zamani, na mwaka 1839 alijiua Naples. Duprez naye, sauti ilianza kumuacha kabla miaka kumi na miwili haijaisha. Aliacha Opera mwaka 1849, akabaki kufundisha wengine.